Bunduki Ililipuka, Lawama Akabebeshwa Asiyeweza Kusema

Bunduki ya shemeji yangu ililipuka mikononi mwake mchana kweupe, sote tunaangalia.

Na aliyebebeshwa lawama ni mzee wa kiti cha magurudumu, asiyeweza kutamka hata jina lake mwenyewe.

Kibaya zaidi, alipoulizwa kama ni yeye, akaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Jamani, mpaka leo kile kichwa kinavyoitikia bado nakiona.

Naitwa Sikudhani, huku wamezoea kuniita Siku. Nyumbani kwetu ni Tabora, ila Montana, huku Marekani, nimekaa mpaka nimezeeka nayo. Naendesha basi la shule. Mume wangu, Loren Tveit, anaendesha greda la wilaya, lile la kusukuma theluji barabarani.

Tulikuwa tunakaa kwa baba yake, mzee Arvid.

Mzee Arvid alikuwa mtu wa banda lake. Humo bandani kulikuwa na mashine ya mkono iliyofungwa kwenye meza, mizani ndogo ndani ya kasha la kioo, makopo, na maganda ya risasi yaliyosuguliwa mpaka yanameta.

Alikuwa anajaza risasi zake mwenyewe. Huku kwetu si jambo la ajabu. Ganda likishapigwa unalisafisha, unaweka kiwashio kipya, unapima baruti, unakandamiza kichwa cha risasi juu, basi, kazi imekwisha.

Ila ile baruti ndiyo yenye mambo. Ukizidisha kidogo tu, bunduki inakugeukia wewe.

Kwa hiyo mzee alikuwa na vitabu vya vipimo, rafu nzima. Vingine vimechakaa, vimebandikwa gundi mgongoni. Kila kitabu kinakwambia: baruti fulani, kichwa cha uzito fulani, anzia hapa, usivuke pale.

Siku moja nilimuuliza, "Baba, si kimoja kinatosha?"

Akacheka. "Mwanangu, kitabu kimoja ni kama shahidi mmoja. Mimi nataka wawili ambao hawajawahi kuonana."

"Na kama baruti yenyewe haimo kwenye vitabu?"

"Basi hiyo kwangu si baruti. Ni uchafu ndani ya kopo."

Ndivyo alivyokuwa kabla ya kiharusi.

Kiharusi kilimpiga akiwa anakunywa kahawa. Kikachukua mguu wa kulia, mkono wa kulia, na maneno yote.

Nisiseme yote. Lilibaki neno moja. "Jumanne."

Akiwa na njaa, Jumanne. Akifurahi, Jumanne. Akikasirika anapiga meza kwa mkono wa kushoto, Jumanne, Jumanne! Daktari akatuambia kichwani mzee yuko timamu, anaelewa kila kitu, ila njia ya kutokea mdomoni imeziba.

Hebu fikiria. Mtu mzima, ana akili zake zote, amefungiwa ndani ya mwili wake na neno moja tu.

Nilikuwa namwogesha, namnyoa, namlisha, naye ananiangalia kwa macho yale ya buluu yaliyojaa habari. Nami sina la kumsaidia. Namwambia tu, "Najua, Baba." Sijui chochote.

Sasa mwaka ule baruti ziliadimika madukani. Ile aliyokuwa anatumia mzee ikapotea kabisa, na msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa huku, ulikuwa unakaribia. Huku familia nyingi nyama ya elki ndiyo inayojaza friza mpaka majira ya joto. Usipopiga, utakula kuku wa dukani mpaka uote manyoya.

Loren akarudi siku moja na kopo jipya.

"Hollis ameniuzia," akasema. Hollis ni fundi wa bunduki pale mjini. "Ni mpya hii, imetoka juzijuzi tu."

Nikamwona anafungua vitabu vya mzee, kimoja baada ya kingine. Hakuna. Vyote vilichapwa kabla hiyo baruti haijazaliwa.

"Sasa utafanyaje?" nikamuuliza.

"Natafuta kitabu kipya. Hollis kaishiwa. Nimeagiza, wanasema kitachelewa."

"Si usubiri?"

"Siku, elki hawasubiri posta."

Kuanzia hapo, kila nikipita namkuta na simu. Anasoma huku, anasoma kule. Mmoja anasema hivi, mwingine anasema yule ni mwongo. Mume wangu akawa kama mtu anayeuliza njia kwa walevi.

Jumamosi moja asubuhi shemeji yetu alikuja. Huyu ni Garth, mume wa wifi yangu Marlys. Dereva wa lori la magogo, mcheshi, mwili mkubwa, sauti kama honi. Wakaingia bandani, yeye na Loren, wakamsukuma na mzee kwenye kiti chake.

Nikawapelekea kahawa.

Nilipofungua mlango nikamkuta mzee amemshika Loren kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima. Amekikaza mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Jumanne," anasema. "Jumanne. Jumanne."

"Baba, nimekuelewa, niachie," Loren akasema.

Garth akacheka. "Mzee anataka tuwinde Jumanne hii!"

Nikaweka kahawa mezani. Mzee akanigeukia. Macho yake yalikuwa yananililia, wallahi. Yananiomba kitu.

Nikamuuliza, "Baba, unasikia baridi?"

Baridi! Nikamfunika blanketi, nikatoka.

Juma lililofuata tulikwenda kwenye machimbo ya kokoto, mahali watu wanapojaribia bunduki. Mimi, Loren, Garth, na mzee ndani ya pikapu. Marlys alibaki kwao anachemsha pichi za kuweka kwenye chupa.

Loren alimjazia Garth boksi zima la risasi. Zawadi.

Garth akalala juu ya meza ya kulengea, akatania, "Nikikosa ni risasi, nikipata ni mimi."

Akafyatua.

Ule haukuwa mlio wa bunduki. Ulikuwa mlio wa kitu kinachopasuka.

Garth akasimama, akiwa ameshika uso. Halafu akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Damu inapita katikati ya vidole.

"Siioni," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Loren, siioni pikapu."

Nilivua sweta langu nikambandika usoni. Simu haina mtandao, hospitali iko mbali. Na ndani ya pikapu mzee anapiga kioo kwa ngumi. Jumanne! Jumanne! Jumanne!

Tukamkimbiza mjini kwetu, na kutoka hapo helikopta ikampeleka mji mkubwa.

Jicho la kulia likaenda na maji. Na kazi ya lori nayo ikaenda.

Marlys alitukuta hospitali, mimi, Loren na mzee, aproni yake bado kiunoni, ina madoa ya pichi. Hakulia. Alisimama mbele ya kaka yake.

"Nani alikwambia uweke baruti kiasi hicho?"

Loren akavua kofia.

"Loren, nakuuliza. Nani?"

Loren akaangalia sakafu. Akasema, "Nilifuata kipimo cha Baba."

Mimi nikageuka kumwangalia mzee. Mzee alikuwa anamwangalia mwanawe. Alimwangalia muda mrefu, bila hasira, kama vile anamwona kwa mara ya kwanza.

Marlys akapiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu.

"Baba. Ni wewe? Wewe ndiye uliyemwonyesha?"

Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Jumanne," akasema, kwa upole.

Kimenuka.

Marlys akainuka. "Mtu aliyeharibika kichwa anaachiwaje baruti? Na wewe, wifi, ulikuwa wapi? Si unakaa naye?"

Mimi? Nilikuwa namfunika blanketi.

Marlys alikuja na pikapu akaondoa kila kitu bandani. Mashine, mizani na makopo akawagawia watu. Vile vitabu akavitupa ndani ya pipa la kuchomea takataka uani, akawasha moto. Mzee akiwa dirishani, anaona.

Nilitaka kulisogeza kiti. Akakamata gurudumu, akakataa. Aliangalia mpaka cha mwisho.

Halafu likaja la nyumba ya wazee.

"Hapa hakai tena," Marlys akasema. "Kesho atawasha jiko atuue wote."

"Wifi, huyu hana shida. Mimi namtunza."

"Wewe si damu yake, Siku. Nisamehe, lakini si damu yake."

Nikamwangalia Loren aseme kitu. Loren akachukua funguo akatoka nje.

Wakampeleka. Chumba chenye dirisha la kuangalia maegesho ya magari. Akaacha kula. Nilikuwa nakwenda nikimaliza zamu ya basi, nambembeleza kijiko kwa kijiko, anafunga mdomo. Hata Jumanne aliacha kuisema.

Siku moja nimesimamisha basi pale karibu na duka la Hollis, nasubiri saa ya kuchukua wanafunzi, Hollis akatoka akanipungia mkono.

"Siku, njoo uone kitu."

Polisi walikuwa wamempa mabaki ya ile bunduki na risasi zilizobaki kwenye boksi azichunguze. Alikuwa amezifungua kadhaa, baruti ameimwaga kwenye karatasi nyeupe.

"Unaona chembe hizi? Fupi hizi? Hii ndiyo ile niliyomuuzia Loren."

"Ndiyo, alisema ni wewe uliyemuuzia."

"Sasa mimi nasikia mnasema alifuata kipimo cha Arvid. Arvid gani? Baruti hii haimo kwenye kitabu hata kimoja cha Arvid, na mikononi mwake haijawahi kupita. Nilimwambia Loren mwenyewe, hapo ulipokaa: usiiguse mpaka upate kitabu cha waliotengeneza baruti."

"Kwa hiyo kile kipimo..."

"Ni kipimo cha baruti nyingine. Majina yanatofautiana herufi moja. Mtu mahali fulani kachanganya, na mumeo kamwamini."

Nilimaliza zamu yangu ya basi kwanza.

Nilimfuata Loren kwenye yadi ya magreda. Alikuwa ndani ya greda, injini imezimwa, amekaa tu. Nikapanda nikakaa pembeni yake.

"Hollis ameniambia," nikasema.

Hakukana. Akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Ule ukurasa wa mtandaoni ulikuwa mzuri, Siku. Una majedwali, una picha, watu wamesifia chini mpaka basi."

"Aliyeandika ni nani?"

"Sijui."

"Jina hana?"

"Alijiita Babu wa Elki."

Nilitaka kucheka, nikalia.

"Na Baba? Baba alikuonyesha nini?"

"Baba alinikataza. Alinishika mkono, uliona. Alilisukuma lile kopo likaanguka chini. Nikamwona mzee mgonjwa, haelewi mambo mapya."

"Sasa kwa nini umemsukumia yeye?"

"Sikumsukumia! Neno lilinitoka tu. Nilidhani atakataa. Nilikuwa namsubiri atingishe kichwa, naapa, nilikuwa nasubiri. Akakubali. Akishakubali, mimi nianzie wapi?"

"Anzia kwa Marlys. Leo."

"Siwezi. Atanichukia mpaka kaburini. Ni dada yangu pekee, Siku."

Nikamwacha humo ndani ya greda lake.

Nikaenda kwa mzee. Bado nilikuwa na wasiwasi mmoja. Pengine ile ndiyo na hapana zimechanganyika kichwani mwake. Wagonjwa wa aina yake wengine huwa hivyo.

"Baba, mimi nimezaliwa Montana?"

Akatingisha kichwa. Hapana.

"Jina langu ni Sikudhani?"

Ndiyo.

"Kahawa ya Marlys ni tamu?"

Akatingisha kichwa kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe pale nikaona jino.

Nikamshika mkono. "Baba, wewe ndiye uliyempa Loren kile kipimo?"

Tabasamu likafa. Akaangalia dirishani. Halafu taratibu, akatingisha. Hapana.

"Kwa nini sasa ulikubali?"

Swali la kijinga kumuuliza mtu asiye na maneno. Akainua mkono wake mzima, akaweka vidole viwili juu ya midomo yangu. Akavibakisha hapo.

Ndugu zangu, sikumtii.

Nilikwenda kwa Marlys siku hiyohiyo. Garth alikuwa sebuleni na kitambaa cheusi jichoni, anaangalia mechi. Nikaeleza yote. Hollis, chembe, kopo, vitabu.

Marlys akanisikiliza, akamgeukia mumewe. "Garth, wewe ulikuwemo bandani siku ile. Ilikuwaje?"

Garth hakuondoa macho kwenye televisheni. "Hollis anabahatisha. Mwacheni mzee apumzike. Mimi nimeshamsamehe."

"Umesikia?" Marlys akaniambia. "Aliyepoteza jicho amesamehe. Wewe unataka kunigombanisha na kaka yangu."

"Twende tukamuulize Baba mwenyewe. Sasa hivi. Anajua ndiyo na hapana, nimempima."

Tukaenda na gari lake. Njia nzima nilikuwa najiambia, leo inaisha.

Marlys akasimama mlangoni, hakuketi. "Baba, Siku anasema si wewe. Anasema ni Loren peke yake. Niambie ukweli. Ni wewe?"

Mzee akaniangalia mimi kwanza. Hakuwa amenikasirikia. Ni kama mtu anayekuomba radhi kabla hajakukanyaga.

Akamgeukia binti yake.

Akaitikia. Ndiyo.

"Baba, hapana!" nikapiga kelele. "Umeniambia hapana! Mwambie!"

Ndiyo, akaitikia tena. Ndiyo.

"Imetosha, Siku," Marlys akasema. Kisha akamwambia baba yake, "Ungekufa siku ile ya kiharusi, mume wangu angekuwa na macho mawili."

Akatoka.

Mimi nikabaki nimesimama katikati ya chumba kama mti uliopigwa radi. Ukweli ninao, shahidi ninaye, na mwenye ukweli mwenyewe ameukana mbele yangu. Ukishafika hapo, unafanya nini? Unafanya nini, wenzangu?

Mzee Arvid alifariki theluji haijayeyuka. Marlys hakurudi kumwona.

Baada ya ibada ya mazishi tulishuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kwa chakula. Nyama ya nguruwe, viazi vya jibini, mikate ile myembamba ya Kinorwe, walikotoka mababu zao. Marlys akasimama kuwashukuru watu.

"Baba alikosea sana mwishoni mwa maisha yake," akasema. "Lakini leo nataka mjue nimemsamehe."

Uma wa Garth ukaanguka kwenye sahani.

"Marlys, kaa chini," akasema.

"Sijamaliza."

"Kaa chini, mke wangu. Tafadhali."

Watu wakageuka. Garth akasimama, mikono imeegemea meza.

"Ule ukurasa niliutafuta mimi."

Nikadhani sijasikia vizuri. Loren akafumba macho.

"Loren alikuwa anasubiri kitabu," Garth akaendelea. "Mimi ndiye niliyemletea ukurasa kwenye simu yangu, siku ile bandani. Alisita. Nikamcheka. Nikamwambia baba yako amepitwa na wakati, vitabu vyake vya enzi za farasi. Mzee akalisukuma kopo chini. Mimi nikaliokota nikamrudishia Loren mkononi."

Marlys akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu ambaye akili yake bado haijafika. "Lakini Baba alikubali. Mara mbili."

"Alikubali."

"Alijua kuwa ni wewe?"

"Alikuwepo, Marlys. Tulikuwa wote watatu."

Hapo ndipo nilipoelewa vile vidole viwili kwenye midomo yangu. Mimi nilidhani mzee anamlinda mwanawe. Kumbe alikuwa amepiga hesabu kubwa kuliko yangu. Marlys alikuwa na kaka mmoja na mume mmoja. Ukweli ungemwondolea wote wawili kwa siku moja. Baba akaona bora binti yake amkose yeye, baba.

Na wale wanaume wawili wenye ndimi nzima walimwacha afanye hivyo.

Marlys hakumpigia kelele Garth. Hakumwangalia hata Loren. Alipita katikati ya meza mpaka kwangu, uso umekuwa wa kijivu.

"Wewe uliniambia," akasema.

"Nilikwambia, wifi."

"Kwa nini hukunilazimisha niamini?"

Nilisimama. Nilimshika tu, akaniangukia, tukashuka wote mpaka sakafuni na nguo zetu nyeusi.

Loren bado ni mume wangu, ila kuna maneno hatuyagusi. Garth anafanya kazi ghala la mbao. Marlys bado anaishi naye, wanakula meza moja, na sijui wanaongea nini.

Wewe unayesoma hapa, pengine umekuja kutafuta mwongozo wa kujaza risasi, na mtandao umekuletea simulizi yangu. Nenda kwa waliotengeneza baruti yako, chukua kitabu chao kipya, chenye jina lao na anwani yao. Usipokipata, usiijaze.

Na hili ni la kila mtu, hata asiyejua bunduki ni nini. Familia ikishampata wa kulaumiwa, na ikawa ni yule asiyeweza kujieleza, usiangalie anavyoitikia. Angalia nani pale ndani amepumua kwa nafuu.

Mimi sikuangalia upande huo. Nilikuwa namwangalia mzee tu.